Kukimbilia Njia ya Misafara

Msimu ule tumbaku ya baba ilishushwa daraja sokoni, na deni la mbolea likabaki palepale. Nyumbani Igalula, mkoani Tabora, watu wakawa wanaongea kwa sauti ya chini. Mimi nikajifungia na Peponi, riwaya ya Abdulrazak Gurnah, nikitafuta zama zisizo na mizani wala daftari la madeni.

Kurasa za mwanzo tu nikamkuta Yusuf, mtoto wa miaka 12, anachukuliwa na mfanyabiashara Aziz kuwa rehani ya deni la baba yake. Mji wao, Kawa, ulichangamka Wajerumani walipokuwa wakijenga reli. Sasa treni husimama pale kuchukua kuni na maji. Niliweka kitabu chini, nikatoka kuitazama reli yetu, iliyofika Tabora mwaka 1912.

Hata hivyo, nilipumua. Deni lililokuwa aibu ya nyumba yetu lilikuwa limekwisha pita katika nyumba za watu wengine, na mtu alikuwa amekaa akaliandika bila haraka.

Aziz anakwenda bara na msafara, akitoa hongo kwa watawala wa njiani. Huku kwetu Wanyamwezi walibeba pembe za ndovu hadi Bagamoyo, kila pagazi na frasila zake mbili hivi, kama kilo 32. Wapelelezi Burton na Speke walipita Tura, Rubuga na Kigwa mwaka 1857, wakielekea Kazeh, Tabora ya leo. Kigwa ni majirani zetu! Nimekwenda huko mara ngapi, sikujua nakanyaga wapi.

Gurnah aliondoka Zanzibar akiwa kijana, miaka michache baada ya Mapinduzi ya 1964. Riwaya ilitoka Uingereza mwaka 1994. Tafsiri ya Kiswahili ya Ida Hadjivayanis ilitufikia 2022, mwaka mmoja baada ya Gurnah kupata Nobeli. Miaka 28: inaniuma kwamba lugha ya njia ile ilisubiri kiasi hicho.

Kabla ya Gurnah, zama za kale alikuwa amezirudia pia Aniceti Kitereza, mwandishi wa Ukerewe. Mwaka 1945 alimaliza kuandika, kwa Kikerewe, habari za Myombekere na Bugonoka, mume na mke wa enzi za kabla ya wakoloni wanaohangaika kupata mtoto. Kitereza na mkewe Anna hawakubakiwa na mtoto hata mmoja. Ndani ya riwaya, baada ya dawa na maneno mengi ya ndugu, anazaliwa Ntulanalwo, kisha Bulihwali. Sidhani kama mzee yule alikuwa anajificha. Alikwenda kuwatafutia wengine alichokosa yeye. Alifariki 1981, kitabu kikiwa ndiyo kwanza kimechapwa kwa Kiswahili.

Usiku niliomaliza Peponi, taa ilikuwa inakaribia kuzimika. Yusuf, amechoka kuwa mali ya mtu, anatoka mbio kuwafuata askari wa Wajerumani. Yeye hajui kwamba Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia inakuja. Mimi nilijua: Septemba 1916 Wabelgiji waliingia Tabora, na njia ya wapagazi ikajaa tena watu wenye mizigo. Nilitaka kumwita arudi.