Siri Imefichwa, Mtumaji Je?

Muuzaji wa Wabera, mjini Isiolo, akipokea ujumbe kwamba amelipwa, huwa na swali moja la msingi: umetoka kwa nani? Swali hilo lilikuwepo tangu gumzo la maandishi kwenye intaneti likiwa changa. Agosti 1988, Jarkko Oikarinen wa Chuo Kikuu cha Oulu, Finland, aliunda IRC, mfumo wa gumzo hilo. Seva zake zilipokezana ujumbe bila kuuficha, hivyo msimamizi wa seva yoyote njiani aliweza kuusoma. Jina la mtumiaji nalo halikuwa na mwenyewe: ukitoka, mwingine alilichukua. Hata kanuni zilipoandikwa rasmi mwaka 1993, usimbaji fiche haukuwa sharti. Huo haukuwa uzembe, kwani watumiaji wa mwanzo walikuwa watu wa vyuo vikuu, na kuaminiana ndiko kulikokuwa kufuli lao.

SMS, iliyotumwa mara ya kwanza Uingereza tarehe 3 Desemba 1992, ilirithi udhaifu wa aina hiyo. Katika mitandao ya 2G, simu hujithibitisha kwa mtandao, lakini mtandao haujithibitishi kwa simu. Usimbaji nao hulinda safari ya hewani tu, na jina la mtumaji laweza kughushiwa. Ndiyo maana M-Pesa, ilipozinduliwa Machi 2007, iliegemea PIN na menyu iliyo ndani ya laini. Ujumbe unaofuata malipo ni taarifa tu, wala si pesa zenyewe. Tapeli hughushi taarifa, salio hawezi.

Wapo watakaosema kwamba hayo yalikwisha Aprili 2016, WhatsApp ilipokamilisha usimbaji unaowaachia wazungumzaji pekee uwezo wa kusoma. Ni kweli kwa upande wa siri. Lakini akaunti hiyo husajiliwa kwa namba ya simu, na kwa kawaida msimbo wake wa kuthibitisha huja kwa SMS. Anayefanikiwa kuhamisha laini yako kwenye kadi yake huupokea yeye. Kusema basi SMS iachwe ni kumsahau mwenye kabambe, simu ya kawaida, asiye na bando. Kuficha maneno na kumtambua msemaji ni kazi mbili, na ya pili haijakamilika. Kwa hiyo weka PIN ya hatua ya pili kwenye WhatsApp, na uangalie salio kabla ya kukabidhi mali.