Herufi ㄧ ya Kichina na Namba Yake katika Kompyuta

Mwaka 1913 wajumbe walikutana Beijing, chini ya uongozi wa Wu Zhihui, ili kuafikiana juu ya matamshi sanifu ya Kichina, lugha ambayo alama zake za maandishi hazimwonyeshi msomaji waziwazi namna ya kuzitamka. Mkutano huo ulizaa herufi za matamshi, zilizotokana na kazi ya mwanazuoni Zhang Binglin na maumbo ya alama za kale, na Wizara ya Elimu ikazitangaza rasmi mwaka 1918. Mfumo huo huitwa Zhuyin, au bopomofo kwa kufuata herufi zake nne za kwanza. China bara iliidhinisha Pinyin, yaani tahajia ya Kilatini, mwaka 1958, lakini huko Taiwan watoto bado hufundishwa kusoma kwa bopomofo, na watu wazima huitumia kuandikia kwenye kompyuta na simu.

Herufi iliyoleta utata zaidi kuliko nyingine ni ㄧ, herufi ya irabu i, ambayo ni mstari mmoja tu, tena usio na msimamo: maandishi yakishuka kutoka juu kwenda chini, kama yaandikwavyo kando ya alama katika vitabu vya watoto, mstari hulala; yakienda kutoka kushoto kwenda kulia, mara nyingi husimama wima, ingawa si wote wanaofuata desturi hiyo. Ukilala, hufanana mno na 一, alama ya Kichina ya namba moja. Msomaji huzitofautisha kwa muktadha, ilhali kompyuta huhifadhi namba, wala si umbo.

Namba zenyewe hazikupatana mwanzoni. Katika GB 2312, kiwango cha China bara cha namba za herufi cha mwaka 1980, herufi hiyo ilikuwa A8E7 (hesabu ya kizio cha kumi na sita, ambamo A hadi F ni kumi hadi kumi na tano), na katika Big5, iliyotungwa Taiwan mwaka 1984, ilikuwa A3B8, hivyo faili la Beijing lililofunguliwa kwa Big5 lilionyesha alama nyingine kabisa mahali pa irabu.

Unicode, orodha inayokusudia kuipa kila herufi ya dunia namba yake, iliingiza herufi 40 za bopomofo katika toleo lake la kwanza la mwaka 1991, na ㄧ ikapata U+3127, ambayo katika UTF-8, njia ya kuhifadhi namba za Unicode, huhifadhiwa kwa baiti tatu: E3 84 A7. Mstari wa wima na wa mlalo ulipewa namba hiyo moja, uchaguzi wa umbo ukiachiwa fonti, na uamuzi huo ulikuwa wa busara, kwa maana herufi haigeuki kuwa nyingine kwa sababu ukurasa umebadili mwelekeo.

Hata hivyo mwaka 2017 herufi ㄮ, yaani ㄛ yenye nukta juu, umbo la zamani la ㄜ, ilipewa namba yake yenyewe, U+312E. Wapo watakaouona huo kuwa ukigeugeu; lakini nukta hiyo haitegemei mwelekeo wa maandishi, na anayenakili kamusi ya zamani anaihitaji jinsi ilivyochapwa.

Anayeandika bopomofo asiweke 一 mahali pa ㄧ kwa kuwa zinafanana machoni: ya kwanza ni U+4E00, na programu itafutayo mojawapo kwa kawaida haitaipata nyingine.