Kabla ya kukata mwembe: Historia ya kupanga nyumba Tabora, tangu enzi za tembe za Kazeh

Reli ya kisasa inakaribia Tabora, na viwanja vinapimwa mbele yake. Desemba 2021 Serikali ilitia saini mkataba wa kujenga kipande cha Makutupora hadi Tabora chenye urefu wa kilomita 368, na tangu hapo swali la watu watakaa wapi limekuwa zito kwa mji huu. Mafundi, madereva, watumishi na wafanyabiashara wanaofuata reli wote wanahitaji chumba.

Kwa bahati njema, Tabora ingali na cha kuwapa. Pembezoni mwa manispaa, upande wa Kwihara na Itetemia, bado kuna kitu ambacho mpangaji wa Dar es Salaam amekwisha kukisahau: chumba na sebule kwa kodi anayoimudu mtu wa mshahara wa kawaida, uwanja wa kutosha watoto kucheza, kibustani cha mchicha nyuma ya nyumba, na mwembe mkubwa unaotuliza jua la Oktoba. Mwembe huohuo ndio unaokuwa wa kwanza kukatwa mwenye kiwanja akitaka kuongeza vyumba. Kabla panga halijafika shinani, inafaa tukumbuke kwamba kukaa kwa nafuu chini ya miti ndiko kulikoijenga Tabora. Na ugomvi mkubwa kuliko yote katika historia yake ulitokana na wageni waliopewa makazi kisha wakamsahau mwenye ardhi.

Nyumba sita na bustani zake

Wafanyabiashara wa Kiarabu na Kihindi kutoka pwani walianza kukaa Unyanyembe katika nusu ya kwanza ya karne ya 19. Makao yao makuu yaliitwa Kazeh, mahali ambapo leo ni Tabora. Hapo njia ya msafara iliyotoka Bagamoyo kupitia Mpwapwa na Ugogo iligawanyika: moja ikaenda magharibi hadi Ujiji, nyingine kaskazini kuelekea Karagwe na Buganda.

Waingereza Richard Burton na John Speke walifika hapo tarehe 7 Novemba 1857, baada ya safari ya zaidi ya miezi minne kutoka pwani. Burton alichapisha kitabu chake mwaka 1860, na hadi leo hakuna maelezo ya mapema ya makazi ya Tabora yanayokifikia kwa undani. Hakukuta mji wenye mitaa. Alikuta tembe kubwa kama sita hivi, zimetawanyika, kila moja na ua wake katikati, bustani, ghala na vibanda vya watumwa. Idadi ya Waarabu, kwa maelezo yake, ilikuwa ndogo mno: kwa kawaida hawakuzidi 25, na msimu wa safari walipungua wakabaki wachache sana.

Tembe ilifaa mahali hapo. Kuta nene za udongo ziliweka ubaridi mchana na joto usiku. Paa la bapa la udongo lilishikiliwa na nguzo na miti ya miyombo, misitu ambayo mpaka leo ndiyo inayowapa watu wa Tabora asali na mbao za mninga. Baraza la mbele lilikuwa ukumbi wa mazungumzo na pia mahali pa kufanyia biashara. Bustanini walilima vitunguu, ngano, mpunga na matunda waliyoyazoea pwani.

Mgeni mwenye barua ya utambulisho hakuhangaika kutafuta dalali. Burton alikuwa na barua ya kwenda kwa Musa Mzuri, tajiri kutoka Surat, India, aliyekaa bara miaka mingi kuliko wengi wa wenzake. Musa alikuwa safarini Karagwe, hivyo Snay bin Amir, Mwarabu wa Omani, akampokea Burton kwa niaba yake na kumpa nyumba iliyokuwa wazi. Alimtumia chakula, akamsaidia kuhifadhi mizigo na kutafuta wapagazi, na jioni baada ya jioni akakaa naye kumsimulia habari za nchi za maziwa. Mengi aliyoyaandika Burton kuhusu bara aliyapata kwenye baraza la mwenyeji wake huyo.

Unafuu huo ulikuwa na gharama yake, na waliolipa ni wengine. Kuta zilikandikwa, bustani zililimwa na maji yalitekwa na watumwa waliokaa kwenye vibanda vya uani, na majina yao hayakuandikwa na yeyote. Anayesifia maisha ya tembe bila kuwataja anasimulia nusu ya habari.

Mwenye ardhi alikuwa mtemi

Tembe zilikuwa za wafanyabiashara, lakini ardhi ilikuwa ya Unyanyembe chini ya mtemi. Enzi za Burton mtemi alikuwa Fundikira, aliyekaa Itetemia. Burton anasimulia kuwa Fundikira alikuwa kwenye msafara akielekea pwani, amebeba mzigo kama mpagazi, alipopata habari kwamba baba yake amefariki. Akautua mzigo njiani, akarudi kutawala. Mtemi wa namna hiyo aliijua biashara kutoka mabegani mwake. Aliwaacha wageni wajenge na walime, nao wakampa zawadi zilizostahili. Mahusiano yao yalifika hadi kwenye ndoa: Muhammad bin Juma, baba yake mfanyabiashara mashuhuri Tippu Tip, alimwoa Karunde, binti wa Fundikira, kama Tippu Tip mwenyewe anavyoeleza katika wasifu wake alioutunga kwa Kiswahili.

Mwishoni mwa miaka ya 1850 Fundikira alifariki, na kiti kikachukuliwa na Mnywa Sere, kijana mwenye msimamo. Yeye hakutaka kuishi kwa kusubiri zawadi. Akaamuru kila bidhaa inayoingia Unyanyembe ilipiwe ushuru.

Ushuru haukuwa jambo geni njiani. Watemi wa Ugogo walitoza hongo kila msafara uliopita, na hao hao wafanyabiashara wa Kazeh walilipa, wakinung'unika. Lakini Kazeh walikwishajiona wako kwao. Walikuwa na nyumba, bustani, wake na watoto hapo. Wakakataa. Tena wakamtishia mtemi kwamba akiendelea watamng'oa.

Habari za upande wa Mnywa Sere tunazo kwa sababu alizitoa mwenyewe. Januari 1861 Speke, safari hii akiwa na James Grant, alikuwa akipita Mgunda Mkali, nyika ile ngumu kati ya Ugogo na Unyamwezi. Alipokuwa Jiwe la Mkoa, Mnywa Sere alimfuata Speke kambini na wafuasi wenye silaha, akamweleza mkasa wote. Wakati huo alikwisha kuondolewa. Wafanyabiashara walikuwa wamemsimika Mkasiwa, mtu wa ukoo huohuo wa watawala, ambaye aliwaruhusu kuingiza mali bila ushuru. Mnywa Sere alimwomba Speke asuluhishe.

Speke alipofika Kazeh alijaribu kweli. Wajumbe walikwenda na kurudi, maneno mazuri yakasemwa pande zote, lakini hapakuwa na mwafaka. Mnywa Sere alitaka nafasi yake katika ardhi ya baba zake, na Waarabu hawakuwa tayari kumrudisha mtu ambaye angeanza tena kuwatoza. Vita vikaendelea. Mashamba yaliachwa, njaa ikaingia, wapagazi wakaadimika kiasi kwamba Speke mwenyewe alikwama kwa miezi. Pembe za ndovu zilirundikana bara bila njia salama ya kuzipeleka pwani. Mwaka huohuo wa 1861 Snay bin Amir, yule mwenyeji mkarimu wa Burton, aliuawa katika mapigano hayo. Musa Mzuri naye alifariki kwa ugonjwa. Mnywa Sere aliishi kwa kuvizia misafara mpaka alipokamatwa na kuuawa mwaka 1865.

Tupime hesabu hiyo. Wageni wapatao 25, waliopewa ardhi ya kujenga na kivuli cha kukalia, walimwondoa mwenye nchi ili wasilipe ushuru. Walichookoa hakikufikia walichopoteza. Vitabu vingi vimemwita Mnywa Sere mkorofi. Mimi naona alidai haki ya mwenye nyumba yeyote: anayekaa kwako akuheshimu na achangie.

Tembe ya Kwihara

Funzo halikushika. Mwaka 1871 Mirambo, mtemi wa Urambo, alifunga njia ya Ujiji, na Waarabu wakaamua tena kumaliza jambo kwa bunduki. Mwandishi wa habari Henry Morton Stanley, aliyekuwa amefika Juni na kupewa tembe Kwihara na liwali Said bin Salim, akaingia vitani upande wao. Wakashindwa. Agosti 22 Mirambo aliingia Tabora, akamuua Khamis bin Abdallah, mmoja wa wakuu wa Waarabu, na sehemu ya makazi ikateketezwa. Stanley alijifungia Kwihara kwenye kuta nene za tembe, kisha Septemba akaondoka kwa njia ya kusini kumtafuta mpelelezi David Livingstone.

Alirudi naye Februari 1872. Wakakaa pamoja hadi Machi, Stanley alipokwenda pwani. Livingstone akabaki akisubiri wapagazi, na Agosti 25 akaondoka kwa safari yake ya mwisho. Mwaka uliofuata watumishi wake, Susi na Chuma, walipita Unyanyembe wakiwa wamebeba mwili wake.

Tembe ya Kwihara, iliyojengwa upya, leo ni makumbusho, kilomita chache kutoka mjini. Tangu mwaka 2006 Kwihara imo katika orodha ya awali ya urithi wa dunia ya UNESCO, pamoja na Bagamoyo, Mamboya, Mpwapwa, Kilimatinde na Ujiji. Lakini orodha ya awali ni hatua ya mwanzo tu, na miaka inapita.

Kutoka boma hadi chumba cha kupanga

Yaliyofuata yanajulikana. Mtemi Isike aliwapinga Wajerumani hadi Januari 1893, alipojilipua ndani ya ngome yake. Reli ilifika Tabora 1912. Wabelgiji waliuteka Septemba 1916. Waingereza walifungua shule ya wavulana ambayo Julius Nyerere aliisoma. Mwaka 1971 Sheria ya Kutwaa Majengo ilichukua nyumba za kupangisha zenye thamani ya zaidi ya Sh100,000, nyingi zikiwa za Waasia, zikawekwa chini ya Msajili wa Majumba. Tangu 1990 zimekuwa za Shirika la Nyumba la Taifa. Baada ya hapo vyumba vya kupanga vikawa kazi ya mtu binafsi mwenye kiwanja, na ndivyo ilivyo hadi sasa.

Miembe imeyashuhudia mengi ya hayo. Wenyeji husimulia kuwa ilienea na misafara, kutokana na kokwa za maembe yaliyoliwa njiani. Kwa vyovyote vile, anayepanga chini yake leo anafaidi kazi ya watu waliopita hapo wakiwa wamebeba mizigo ya wengine.

Na Tabora haina kisingizio cha kukosa utaalamu. Ina Chuo cha Ardhi kinachofundisha wapimaji na Chuo cha Nyuki kinachofundisha thamani ya mti ulio hai. Mji wenye vyuo hivyo viwili ungeweza kuwa wa kwanza nchini kuonyesha jinsi ya kupima viwanja bila kufyeka. Kinachokosekana ni agizo la manispaa na usimamizi wake.

Manispaa iweke sharti: miti mikubwa iandikwe kwenye ramani ya kila kiwanja, na anayetaka kuikata aombe kibali. Wenye nyumba wajue kuwa mpangaji anafuata kivuli, na kwamba uwanja ulioachwa wazi juani hautampandishia mtu kodi. Nanyi mnaokuja na reli, karibuni Tabora, lipeni kodi kwa wakati na mpande mti mahali mlipokaa. Hilo ndilo walilokataa wageni wa Kazeh, na nchi nzima ikalipa.