Kwa nini aliyefika mwisho hutibiwa kwanza

Hospitali ya Thika Level 5, iliyokuwa hospitali ya wilaya kabla ya ugatuzi, huhudumia mji wa viwanda ulio kando ya mto Chania na barabara kuu ya Nairobi, iliyofunguliwa upya mwaka 2012 baada ya kupanuliwa. Majeruhi wa ajali, vibarua walioumia na watoto wenye homa hukutana hapo, na foleni ya kawaida haiwezi kuwatosheleza wote. Ndipo wagonjwa hupangwa kwa kadiri ya hatari inayowakabili, wala si kwa saa waliyofika.

Mwongozo uliochapishwa na Shirika la Afya Duniani (WHO) mwaka 2005 huwagawa watoto katika makundi matatu: wa dharura, wa kutangulizwa na wanaoweza kungoja. Mhudumu huanza kwa kutazama pumzi, kisha mzunguko wa damu. Mikono iliyopoa pamoja na mapigo dhaifu na ya haraka na damu inayochelewa kurudi kwenye ngozi, degedege, kupoteza fahamu, au kuishiwa maji mwilini kupita kiasi kwa mtoto anayeharisha ni dharura, na matibabu huanza papo hapo. Mchanga asiyetimiza miezi miwili hutangulizwa, sawa na aliyeungua vibaya, aliyekunywa sumu au aliyepauka viganja. Kelele si kipimo: anayelia kwa nguvu angalau anapumua, ilhali aliyelegea kimya mgongoni mwa mamake huenda ndiye aliye hatarini zaidi.

Suala la pesa nalo lina jibu la kisheria. Kifungu cha 43 cha Katiba ya 2010 chakataza mtu kunyimwa matibabu ya dharura, na Sheria ya Afya ya 2017 ikafanya kukataa huko kuwa kosa. Hata hivyo, Oktoba 2015 majeruhi mmoja wa ajali alikaa takriban saa 18 ndani ya ambulensi jijini Nairobi akisubiri kitanda cha wagonjwa mahututi, kisha akafariki. Kumtambua mgonjwa mahututi ni hatua ya kwanza tu. Pasipo kitanda, hewa ya oksijeni na damu, atangulizwe wapi?

Anayemleta mgonjwa asikae kitini kabla ya kumweleza muuguzi kuhusu pumzi, fahamu, degedege au damu inayotoka. Hali ikibadilika akiwa bado kwenye foleni, arudi kwa muuguzi mara moja, kwani aliyewekwa kundi la kungoja asubuhi aweza kuwa wa dharura adhuhuri.