Sampuli na Upendeleo: Jinsi Malaria Ilivyohesabiwa Bonde la Kilombero

Sampuli ni sehemu ndogo inayochukuliwa ili kuisemea jumla. Ikichukuliwa kwa nasibu, kila nyumba au mtu huwa na nafasi inayojulikana ya kuchaguliwa. Isipokuwa hivyo, upendeleo huingia hata kama mhesabuji ni mwaminifu, na wingi wa majibu hauuondoi. Mwaka 1936 jarida la Literary Digest la Marekani lilipata majibu zaidi ya milioni 2, likatabiri kwamba Landon angeshinda urais. Aliyeshinda ni Roosevelt: majina mengi ya walioulizwa yalitoka kwenye orodha za wenye simu na magari, yaani watu wenye uwezo.

Bonde la Kilombero, nchini Tanzania, limekutana na tatizo hilo tangu Mswisi Rudolf Geigy alipofungua maabara Ifakara mwaka 1957, mahali ilipo leo Taasisi ya Afya Ifakara. Njia rahisi ya kujua ukubwa wa malaria ni kufungua daftari la hospitali. Lakini daftari huandika waliofika tu. Mgonjwa wa ng'ambo ya mto, aliyekosa kivuko au nauli, hamo.

Ndiyo maana watafiti walikwenda vijijini, na Namawala, magharibi mwa Ifakara, ikawa miongoni mwa vijiji vilivyochunguzwa kwa undani zaidi. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 mitego ya taa ilitundikwa ndani ya nyumba, kando ya chandarua alimolala mtu. Mbu hufuata harufu ya aliyelala, hukosa pa kupenya, kisha feni ndogo ya mtego humvuta mfukoni. Asubuhi mbu huhesabiwa mmoja mmoja. Hesabu hizo zilionyesha kwamba mkazi aliumwa na mbu wenye vimelea vya malaria kwa wastani zaidi ya mara 300 kwa mwaka.

Wastani huo ulificha jambo. Ramani ya mbu wa Namawala, iliyochapishwa mwaka 1995 na Thomas Smith na wenzake, ilionyesha kwamba mbu hawakutapakaa sawasawa ndani ya kijiji kimoja. Mtafiti ambaye angetega kwenye nyumba za kando ya barabara tu, kwa kuwa gari linafika, angerudi na Namawala nyingine kabisa. Tena mtego wa ndani hausemi lolote kuhusu mbu anayeuma watu wakiwa bado uani.

Nasibu ina kazi ya pili, ambayo wanafunzi wengi huichanganya na ya kwanza: kugawa watu makundi. Katika kijiji jirani cha Idete, chanjo ya malaria ya SPf66, iliyobuniwa Colombia, ilijaribiwa kwa watoto 586 wa umri wa mwaka 1 hadi 5. Nasibu ndiyo iliyoamua nani apate chanjo na nani apate sindano isiyo na chanjo hiyo. Mzazi hakujua, mchomaji naye hakujua. Kama wazazi wangejichagulia, wenye uwezo na hamasa wangejaa upande mmoja. Matokeo ya mwaka 1994 yalitaja kinga ya asilimia 31, lakini kwa sampuli ya ukubwa ule kinga halisi ingeweza kuwa popote kati ya 0 na 52. Mwaka uliofuata, jaribio la Gambia kwa watoto wachanga halikuona kinga.

Mwaka 1996 ulianza mfumo wa kuhesabu kila kaya katika vijiji 25 vya wilaya za Kilombero na Ulanga, kila baada ya miezi 4. Anayehesabu wote hana makosa ya sampuli, ila upendeleo unaweza kubaki: msimu wa mpunga familia nyingi huhamia kwenye madungu mashambani, na mhesabuji hukuta mlango umefungwa. Ilidhaniwa kwamba huko, katikati ya maji na mbu, watu hulala bila kinga. Utafiti uliochapishwa mwaka 2008 ulizifuata familia hizo hadi mashambani na kukuta karibu wote wanalala ndani ya chandarua.