Posho ni ya Nani? Neno Moja na Nidhamu ya Kazi Kandokando ya Ziwa Tanganyika

Jirani yangu mmoja hapa Kajaga, dereva wa shirika fulani la mjini Bujumbura, alinijia jioni moja akiwa na karatasi mbili mkononi. Ya kwanza ilikuwa barua ya Kifaransa iliyomtaka ajieleze katika muda wa siku tatu. Shirika lilikuwa likimpa kila mwezi hati za mafuta kwa ajili ya kwenda kazini na kurudi, naye aliuza mbili wakati wa uhaba wa mafuta ili alipe karo ya mwanawe. Karatasi ya pili ilikuwa majibu yake mwenyewe, kwa Kiswahili cha Buyenzi alikozaliwa, akiniomba niyafasiri. Yalianza hivi: "Mimi sikuiba, niliuza posho yangu."

Neno lile lilinikwamisha. Barua ya wakubwa ilisema kuwa hati ni mali ya shirika iliyotolewa kwa kazi maalumu. Yeye alisema posho, na tena yangu. Nikaona haifai kufasiri kabla ya kuitazama asili ya ugomvi wenyewe, ambao kwa hakika ni wa zamani sana katika njia zetu hizi.

Katika karne ya 19 misafara iliyotoka Bagamoyo kuelekea Tabora na Ujiji haikuwa na jiko moja. Mpagazi alikuwa na mshahara wake, na mbali na mshahara alipewa posho. Wakati mwingine ilikuwa nafaka, kibaba kwa siku. Lakini aghalabu ilikuwa kitambaa cha merikani au kaniki, au shanga, ili ajinunulie chakula vijijini. Henry Morton Stanley, alipokuwa akijitayarisha Unguja mwanzoni mwa 1871, aliambiwa na wafanyabiashara wa Kiarabu kuwa doti 10, yaani yadi 40, zatosha kuwalisha watu 100 kwa siku moja. Kwa safari ya miaka miwili akapata yadi 29,200. Mwalimu apendaye kuchanganya lugha na hesabu na awape wanafunzi wake wagawe: wataona kuwa shuka moja ya yadi mbili ilikuwa chakula cha mtu mmoja kwa siku tano.

Hapo ndipo mzozo ulipozaliwa. Kitambaa si uji. Uji hunywewa ukaisha, bali kitambaa hukaa. Huvaliwa, hubadilishwa kwa pombe, na mwenye kuvumilia njaa huweza kubakiwa na kipande cha kuuza. Mwenye msafara alihesabu siku tano, mpagazi alihesabu shuka moja. Aliyemaliza ya siku tano kwa siku mbili, kisha akarudi kuomba nyingine, alionekana mwizi, ilhali yeye mwenyewe alijiona ametumia chake. Stanley alikuwa mwepesi wa kutumia fimbo, wala hakuwa peke yake. Barua ya kujieleza haikuwapo.

Kisa kikubwa kuliko vyote kilitokea Ujiji. David Livingstone aliporudi huko kutoka Manyema mwezi Oktoba 1871, mgonjwa na mchovu, alitazamia kukuta shehena aliyotumiwa kutoka Unguja chini ya msimamizi aitwaye Sherifu. Katika yadi 3,000 za kitambaa na ratili 700 za shanga hakukuta hata uzi. Kwa kauli ya Livingstone, Sherifu alikuwa amejilisha vizuri njia nzima, akanywa, kisha akapiga bao kwa Kurani, likamwonyesha kuwa bwana wake amekwisha kufa. Basi akauza kilichobaki. Mimi naona bao lile lilikuwa werevu wa mtu ajuaye sheria: ilimpasa kwanza kumfisha mwenye mali ndipo mali ipate kuwa yake. Na adhabu? Livingstone alikataa kumpa mkono. Jambo la ajabu ni kuwa Sherifu aliona amevunjiwa heshima! Aliyejitolea kumsaidia mzee yule ni Mwarabu wa Ujiji, Sayyid bin Majid, aliyetaka kuuza pembe zake za ndovu ili ampe vitu.

Wiki chache baadaye Stanley alimkuta Livingstone, na mwezi Novemba wakapanda mtumbwi pamoja kuja upande wetu, kutazama kama mto Rusizi unatoka ziwani au unaingia. Unaingia, kama ajuavyo kila mvuvi wa Kajaga. Katika safari hiyo, mahali paitwapo Mukungu katika pwani ya Urundi, Bombay na Susi, waliokuwa na zamu ya kulinda mtumbwi, walikaribishwa pombe wakalewa, na wezi wakachukua unga, risasi, sukari ya Daktari na kamba ya kupimia kina cha ziwa. Susi alijilaza katika kitanda cha Livingstone. Alipata makofi machache na maneno makali, yakaisha. Ndiye yule yule ambaye baadaye, pamoja na Chuma na wenzao, aliusafirisha mwili wa bwana wake mpaka pwani.

Lakini yafaa pia tumtazame mwajiri. Miaka 13 kabla ya hapo, Aprili 1858, Richard Burton alifika Uvira, ambayo milima yake tunaiona kila jioni ng'ambo ya Rusizi. Aliporudi Unguja mwaka 1859 alikataa kuwapa Said bin Salim, kiongozi wa msafara, na baadhi ya wengine zawadi walizozitazamia. Ahadi ilitolewa na Konseli Hamerton, aliyekufa safari ilipokuwa imeanza tu. Burton alisema hawakutimiza wajibu wao, kwa hiyo hawakustahili. Konseli mpya, Rigby, aliandika mashtaka Bombay. Burton akakemewa na serikali ya India: alijua kuna madai juu yake, basi ilimpasa kuyaweka mbele ya konseli kabla hajaondoka. Katika habari zote hizi, hapo tu ndipo nilipokuta mtu wa tatu akiulizwa.

Neno liliendelea na safari yake. Katika migodi ya Katanga posho iligawanywa kwa wiki, na Kilingala kikaitwaa, hata mposo ikawa ndiyo wiki yenyewe. Uganda posho ni ugali wa mahindi. Tanzania ni fedha ya vikao. Mwaka 2011 mbunge Zitto Kabwe aliikataa hadharani, kukawa na kelele nyingi. Popote liendapo, neno hubeba ile maana ya kitu kilichokwisha kutoka mkononi mwa mtoaji.

Kifaransa nijuacho mimi kina neno la chakula cha askari na neno la fedha ya ziada, na yote mawili yangemhukumu jirani yangu kabla hajasema. Nililiacha posho kama lilivyo, nikalieleza kwa mistari miwili pembeni. Chini nikaongeza, kwa idhini yake, ombi la kusikilizwa mbele ya mjumbe wa wafanyakazi. Wamemwita Jumatatu. Ameniomba nifuatane naye kama mkalimani, nami nimekubali.