Ngazi ni za Nani? Dhima ya Mwenye Nyumba kwa Anayeanguka katika Majengo ya Kupangisha ya Nakuru

Nakuru ilipewa hadhi ya jiji tarehe 1 Desemba 2021, lakini mabadiliko makubwa ya makazi yake yalikuwa yameanza kitambo. Sensa ya 2019 ilihesabu watu 570,674 mjini na 2,162,202 katika kaunti nzima, na katika miji ya Kenya kwa jumla zaidi ya robo tatu ya kaya huishi katika nyumba za kupanga. Watu hao hawangeweza kutoshea milele katika ploti za mabati zenye vyumba vilivyopangwa kuzunguka uwanja mmoja. Kaptembwa, Rhonda, Pipeline, Free Area na Mawanga zimejaa sasa majengo ya ghorofa, na Karagita kule Naivasha, wanakopanga wafanyakazi wengi wa mashamba ya maua, inafuata njia hiyo hiyo. Katika ploti ya zamani mpangaji alipotoka mlangoni alikanyaga ardhi. Katika ghorofa anakanyaga korido, kisha ngazi, na vyote viwili ni vya watu wote na si vya mpangaji yeyote. Hoja ya makala haya ni kwamba ngazi, korido, roshani za pamoja na paa hubaki mkononi mwa mwenye nyumba hata vyumba vyote vinapokuwa na watu, na kwamba anayeumia hapo kwa sababu ya ubovu wa jengo ana haki ya kulipwa na mwenye nyumba huyo, awe mpangaji, mtoto wake au mgeni wake. Sheria ya Kenya ina kila kiungo cha msimamo huo, ila viungo hivyo vimetawanyika na ni nadra kusomwa kwa pamoja.

Sababu za watu kuanguka zinaweza kuonwa na yeyote anayepanda majengo haya, na zinaamua mengi kuhusu nani angeweza kuzizuia. Vidato havilingani kwa kimo, kwa kuwa fundi aliyeikata ngazi alibana nafasi ili kuongeza chumba kimoja kila ghorofa. Reli ya chuma ililegea kwenye simiti ikabaki inaning'inia, au haikuwekwa kabisa. Taa ya ngazi imeungua, na mita inayoiwasha ni ya mwenye nyumba, kwa hivyo mpangaji hana njia ya kuilipia hata akitaka. Maji ya bomba huja kwa zamu katika mitaa mingi, na siku yasipofika ghorofa za juu watu hupandisha mitungi ya lita 20 mkononi. Simiti iliyolainishwa kwa miaka ya kukanyagwa hugeuka utelezi kwa vikombe viwili vya maji. Juu kabisa ndiko kwenye kamba za kuanikia nguo, na watoto huwafuata mama zao hadi kwenye paa ambalo ukuta wake wa ukingo haufiki magotini mwa mtu mzima. Katika orodha hii yote, mpangaji anaweza kurekebisha maji aliyoyamwaga yeye mwenyewe tu. Kimo cha kidato, reli, taa na ukingo wa paa viko nje ya uwezo wake, na hata akijitolea kuchomelea reli kwa fedha zake, anaweza kuulizwa na keateka ni nani aliyemruhusu kugusa jengo.

Wanaowatetea wamiliki huanzia katika sheria ya Uingereza, kwa hiyo ni haki kuanzia huko. Mwaka 1906, katika kesi ya Cavalier dhidi ya Pope, mke wa mpangaji alitumbukia katika sakafu mbovu ya jikoni ambayo wakala wa mwenye nyumba alikuwa ameahidi kuitengeneza. Bunge la Malodi lilikataa madai yake kwa sababu mkataba ulikuwa wa mumewe. Ni uamuzi mgumu kumeza: ahadi ilitolewa, haikutimizwa, na aliyelipia kwa mwili wake akaambiwa kwamba ahadi haikumhusu. Lakini kuna jambo ambalo mawakili wetu hulipita haraka mno. Kifungu cha 3 cha Sheria ya Mahakama, Sura ya 8, kinapoeleza ni sheria gani ya Uingereza iliyoingia Kenya, kinataja tarehe 12 Agosti 1897, na kuongeza sharti kwamba sheria hiyo itumike kadiri hali ya Kenya na wakazi wake inavyoruhusu. Wapo wanaosema tarehe hiyo inahusu sheria za Bunge pekee, na mjadala huo una uzito wake. Hata hivyo, anayetaka kuishika tarehe hiyo kwa dhati atakuta kwamba mwaka 1897 uamuzi uliokuwa ukitawala suala la ngazi ulikuwa Miller dhidi ya Hancock wa 1893. Humo Mahakama ya Rufani ya Uingereza iliamua kwamba mwenye jengo lililogawanywa kwa wapangaji wengi, aliyebaki na ngazi mkononi mwake, alipaswa kuzitunza ziwe salama, na ikaamuru alipwe mtu aliyekuwa amemtembelea mpangaji kwa shughuli zake akaanguka kwenye kidato kilicholika. Cavalier ilikuja miaka tisa baada ya 1897, nayo ilihusu sakafu ya ndani ya nyumba na haikugusa ngazi ya watu wote. Baadaye, kuanzia 1923, Malodi waliibana Miller kwa upande wa wageni. Hakuna kinachotulazimisha kuufuata ubanaji huo, na sharti la hali ya wakazi linatupa sababu ya kutoufuata.

Hata hivyo hoja haihitaji kusimama juu ya majaji wa kale, kwa maana Bunge la Kenya limesema. Sheria ya Ardhi ya 2012, katika kifungu cha 65, inaingiza ndani ya kila upangishaji ahadi za mwenye nyumba ambazo hazihitaji kuandikwa na yeyote. Mojawapo ni kwamba pale ambapo sehemu tu ya jengo imepangishwa, atatunza katika hali nzuri paa, kuta kuu za nje, mifereji mikuu na sehemu za pamoja, zikiwemo njia za kupitia. Nyingine ni kwamba nyumba au chumba cha kuishi kitafaa kukaliwa na binadamu mwanzoni na muda wote wa upangaji. Hapo jibu la kawaida ni kwamba mpangaji wa Kaptembwa hana mkataba: alilipa dipoziti, akapewa ufunguo, na tangu hapo hutuma kodi kwa M-Pesa kila mwezi. Jibu hilo halisimami. Kifungu cha 57 kinautambua upangaji usiotajiwa muda kuwa wa kipindi kile ambacho kodi hulipiwa, na kifungu cha 58 kinaruhusu upangaji wa muda mfupi kufanywa kwa mdomo. Ujumbe wa M-Pesa wa kila tarehe 5 ni ushahidi wa upangaji, na upangaji huo unabeba ahadi za kifungu cha 65 sawa na mkataba wa kurasa kumi uliotiwa sahihi mbele ya wakili.

Ahadi hizo, hata hivyo, zinamfaa mpangaji mwenyewe. Wanaokuwa kwenye ngazi mchana kutwa ni mara nyingi watu wengine: mtoto, dada wa kazi, mama mkwe aliyeshuka kutoka Molo kumwona mjukuu. Hapa ndipo Sheria ya Dhima ya Mkaliaji wa Jengo, Sura ya 34, iliyofuata kwa karibu sheria ya Uingereza ya 1957, inapojaza pengo. Inamtaka anayekalia jengo achukue uangalifu wa kawaida ili anayeingia kwa ruhusa awe salama. Mkaliaji kwa maana hiyo hahitaji kuishi hapo. Katika Wheat dhidi ya Lacon ya 1966, mgeni alikufa baada ya kuanguka usiku kwenye ngazi ya nyuma ya baa, ambayo reli yake iliishia kabla ya kidato cha mwisho na balbu yake haikuwepo. Malodi walisema kipimo ni udhibiti, na kwamba watu zaidi ya mmoja wanaweza kuwa wakaliaji wa mahali pamoja. Mwenye nyumba anayemtuma keateka kufagia ngazi, anayelipia umeme wake na kuamua lango lifungwe saa ngapi, ameonyesha udhibiti kila siku. Ni lazima kusema pia kwamba katika kesi hiyo mdai alishindwa, kwa sababu balbu ilikuwa imeondolewa na mtu asiyejulikana na kampuni haikuwa imezembea. Jambo hilo linawatuliza, au lingepaswa kuwatuliza, wanaohofia kwamba kila anayeteleza atalipwa. Kinachodaiwa ni uangalifu. Taa iliyoungua jana usiku ni tofauti na taa iliyoungua tangu Januari.

Pingamizi la kwanza ni kwamba mpangaji aliiona ngazi kabla ya kuhamia na akaikubali. Sura ya 34 yenyewe inalijibu: onyo halimwondolei mkaliaji dhima isipokuwa lilitosha kumfanya anayeingia awe salama. Katika jengo lenye ngazi moja, kujua kwamba ngazi ni mbovu hakumsaidii mtu anayelazimika kushuka kwenda kazini alfajiri, kwa kuwa hana njia nyingine ya kufika chini. Sheria hiyo inasema vilevile kwamba mkaliaji ategemee watoto kuwa na uangalifu mdogo kuliko watu wazima. Mahakama ya Juu ya New Hampshire, Marekani, ilifika hapo hapo mwaka 1973 katika Sargent dhidi ya Ross. Mtoto wa miaka minne alikuwa amekufa kwa kuanguka kutoka ngazi ya nje yenye mwinuko mkali na reli isiyotosha, na mahakama ikaifuta kinga ya kale ya wenye nyumba ikasema wapimwe kwa uangalifu wa kawaida kama mtu mwingine yeyote. Linalofanana na pingamizi hili ni kibao cha ukutani kinachotangaza kwamba mwenye jengo hatawajibika kwa ajali yoyote. Mkaliaji anaweza kupunguza wajibu wake kadiri tu alivyo huru kufanya hivyo, na sheria hiyo hiyo inamkataza kutumia mkataba wake na mtu mmoja kuwanyima haki wengine ambao mkataba unamlazimu kuwaruhusu waingie. Mtoto hakutia sahihi popote.

Pingamizi la pili ni zito zaidi, nalo ni la fedha. Si kila mwenye nyumba Nakuru ni tajiri. Wapo walimu wastaafu waliojenga kwa mkopo wa sako, na wapo wajane wanaosomesha watoto kwa kodi ya vyumba sita. Fidia moja ya uti wa mgongo inaweza kulimeza jengo zima, na inasemwa kwamba gharama hiyo itamrudia mpangaji kwa kodi kupanda. Sioni kwamba udogo wa mwenye nyumba unampunguzia aliyevunjika mguu maumivu au gharama za hospitali. Gharama ya ngazi mbovu ipo tayari, ila leo inalipwa yote na mmoja aliyekosa bahati, mara nyingi kibarua ambaye asipokwenda kazini halipwi. Kenya ilikwisha kulitatua tatizo la aina hii mahali pengine. Mwenye gari analazimishwa na Sura ya 405 kuwa na bima ya mtu wa tatu, na mwajiri analazimishwa na Sheria ya Fidia za Ajali Kazini ya 2007 kuwakatia wafanyakazi bima. Mwenye ghorofa tano zenye kaya arobaini halazimishwi chochote. Bima ya lazima kwa majengo ya kupangisha ya kuanzia ghorofa fulani ingegawa mzigo huo, ingemwokoa mjane asipoteze jengo, na ingeleta pia mkaguzi wa kampuni ya bima mwenye sababu ya kuuliza reli iko wapi. Kuhusu kodi, reli na balbu ni vitu vya bei ndogo mno mbele ya kodi ya mwaka mmoja ya jengo kama hilo.

Husemwa pia kwamba wapangaji wenyewe humwaga maji na kuiba balbu. Ni kweli wengine hufanya hivyo, na sheria ina pa kuliweka jambo hilo: Sheria ya Marekebisho ya Sheria, Sura ya 26, inaruhusu fidia ipunguzwe kwa kiasi cha kosa la aliyeumia. Aliyeshuka mbio akisoma simu kwenye ngazi isiyo na reli anaweza kubeba sehemu, na mwenye nyumba akabeba iliyobaki. Utetezi wa kwamba fundi ndiye aliyekosea una nafasi finyu zaidi, kwa kuwa mkaliaji anayeutumia anapaswa kuonyesha kwamba alichukua hatua za kawaida kuhakikisha fundi anafaa na kazi ilifanywa sawasawa. Aliyejenga ghorofa bila michoro iliyoidhinishwa na kaunti hana la kuonyesha.

Kwa maoni yangu, madai haya yatafaulu au kufa kwenye ushahidi. Mpangaji huanguka, hupelekwa hospitali, na anaporudi wiki mbili baadaye reli imechomelewa upya na keateka hakumbuki lolote. Kwa hiyo picha ya siku hiyo hiyo, majina ya majirani wawili na ujumbe wa simu uliomwarifu mwenye nyumba mapema kuhusu ubovu huwa na nguvu kuliko maneno mengi mahakamani. Kifungu cha 112 cha Sheria ya Ushahidi nacho hakitumiwi inavyostahili: jambo ambalo mhusika mmoja analijua kipekee, ni juu yake kulithibitisha. Ngazi ilikaguliwa lini mara ya mwisho, taa ilibadilishwa lini, nani aliilipia: majibu haya yako kwa mwenye nyumba peke yake, na hakimu ana mamlaka ya kumtaka ayatoe. Mahakama ya Madai Madogo, yenye uwezo wa hadi shilingi milioni 1 na iliyotajiwa na sheria yake ya 2016 fidia ya majeraha ya mwili miongoni mwa kazi zake, inaweza kusikiliza sehemu kubwa ya kesi hizi bila mdai kulazimika kuwa na wakili. Mwenye kudai kwa uzembe ana miaka mitatu, na anayesimama juu ya ahadi za upangaji asidhani kwamba miaka sita ya mikataba itamfaa, kwani mahakama huweza kulitazama jeraha lenyewe badala ya jina la dai. Afungue kesi ndani ya mitatu, akiitaja Sheria ya Ardhi na Sura ya 34 katika hati moja.